Kosa la Darajani

Usiku wa tatu huu nawasha mji.
Si huu wa Langoni; huu punda wa Kupi
huuamsha kabla ya adhana.
Nasema ule mwingine, Bonde la Chumvi,
toleo la pili nukta saba,
la kabla hawajaanza kutuuzia panga kwa dola
na farasi wenye mbawa.

Wenyewe waliuzima. Barua yao ilikuwa fupi:
tunawashukuru kwa safari, seva zitafungwa Ijumaa.
Nilikuwa na miaka kumi na saba,
sayba ya Aboud Mahadhi, kiti cha pembeni chenye mguu wa tofali,
shilingi moja kwa dakika.
Nilikaa hadi skrini ikaandika: Hakuna muunganisho.
Aboud hakunitoza dakika za mwisho.

Hapa kwetu ukitaka kubadilisha kizingiti cha mlango
sharti uende makumbusho ukaombe karatasi.
Mji wa mawe umeandikwa urithi,
hata ufa una mlinzi.
Na ule wetu wa pili, nani aliuandika?

Waliuandika watu nisiowajua sura.
Dada mmoja wa Tanga. Kijana wa Ajentina.
Mwingine anajiita Kibiriti, basi.
Msimbo wa wenyewe umefungiwa kabatini ng'ambo;
wao walikuwa na nusu tu, iliyobaki kwenye kompyuta zetu,
na maongezi ya mashine mbili waliyoyanasa zamani:
hii iliuliza nini, ile ilijibu nini.
Kama mtu aliyesimama uchochoroni akaijua nyumba nzima
kwa mlio wa komeo,
kwa hatua ngazini,
kwa ndoo inavyoshuka kisimani.
Miaka sita wakisikiliza.
Kisha wakajenga upande wa ndani.

Nimeuweka kwenye kompyuta iliyoachwa dukani kwangu
na mteja ambaye hakurudi kuilipia.
Feni yake inakoroma. Stima imekatika mara mbili,
na mara mbili mji ukafa watu wakiwa sokoni,
yaani mimi, na mbuzi mmoja asiyekuwa na nyama wala mwenyewe.

Leo saa sita za usiku wamekuja.
Famau yuko Mombasa. Mwanamkuu yuko Doha, kwenye kliniki ya meno.
Majina yetu yale yale ya aibu:
Simba Mkali, Malkia wa Mishale,
na mimi, Muuaji Tisini na Tisa,
niliyekuwa naogopa mende.
Hatukusalimiana sana.
"Ndooni," Mwanamkuu aliandika. "Darajani."

Maana daraja la mashariki lilikuwa na kosa.
Ubao wa nne uliuona lakini haukuwapo.
Ukiukanyaga umechuchumaa unapita,
unaanguka chini ya dunia,
kwenye buluu tupu isiyo na adui wala pointi.
Huko tulizungumza mambo
ambayo nyumbani hayakuwa na chumba.
Huko Mwanamkuu alituambia haolewi na yule.
Huko Famau alizililia alama zake za kidato cha nne,
kwa herufi kubwa, bila nukta.

Tukachuchumaa.
Daraja likatubeba.
Tukarudi nyuma, tukajaribu tena. Likatubeba,
imara, kama la serikali siku ya uzinduzi.
"Yeo hatuanguki?"
Mtu mwema, pahali fulani, aliona shimo
akaliziba.

Nikafungua faili. Mistari elfu moja na mia mbili.
Kwenye wa mia nane na kitu, neno la dada wa Tanga:
hapa palikuwa na hitilafu, nimerekebisha.
Nikamwomba radhi kimoyomoyo.
Moja nikaifanya sifuri.

Famau alikuwa keshatuaga, zamu ya bandarini haingoji.
Lakini katika toleo lile anayetoka
hubaki pale alipo dakika nzima, macho wazi, hana mtu ndani.
Nikalipakia daraja upya, peke yake.
Mwanamkuu akaanguka.
Nikaanguka.
Na mwili wa Famau, ungali umechuchumaa,
ukatufuata.